Madada wa Kazi Walipokaa Kwenye Madawati

Niliyasikia mafagio kabla sijaiona shule. Ukungu wa Litembo, milimani Mbinga, ulikuwa umefunika kila kitu, mibuni, njia, hata viatu vyangu mwenyewe, na kutoka ndani ya ule weupe ikaja sauti: hwaa, hwaa, hwaa, kama mtu mkubwa anayepumua usingizini. Nikaifuata. Ukungu ulipopasuka nikajikuta katikati ya uwanja, watoto wameinama pande zote na mafagio ya vijiti mikononi, na mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua la kiume ananitazama miguu.

"Umekanyaga palipofagiliwa," akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Rudi ulikotoka, upitie pembeni."

Huyo alikuwa Mwalimu Gaudensia, mwalimu mkuu wangu wa kwanza. Chuoni walikuwa wamenifundisha saikolojia ya mtoto kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwalimu Gaudensia alinifundisha mengine: kukata chaki vipande viwili ili isipige kelele ubaoni, kuchora duara kwa uzi na msumari, na kuanza siku kwa kufagia. "Mtoto akifagia darasa," alisema, "hatalitupia takataka, maana anajua kesho ataziokota mwenyewe." Hakuwa na nadharia nyingine ya malezi, na sijakutana na aliyeniongezea nyingine.

Naandika haya kwa ajili ya walimu vijana wa Mbinga ambao tangu nistaafu hawakauki kibarazani kwangu. Hawaji kuniuliza namna ya kumfundisha mtoto mafungu hadi aelewe. Wanakuja kuuliza njia ya kwenda Arabuni. Mmoja alikuja na suti, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mwalimu Hilda, sisi tunataka tu ile konekisheni." Nikampa kikombe cha togwa. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Anayezitaka amuulize mume wangu, yeye huzipamba vizuri. Mimi nitasema ya darasani.

Kutoka Litembo nilihamishiwa ziwani, Mbamba Bay. Huko watoto walifagia mchanga, na kesho yake ulikuwa mchanga vilevile, nasi tukaufagia tena. Walinukia usipa, dagaa wa kule ziwani, uliokaushwa, na walikuwa wepesi wa hesabu kama mtu aliyezaliwa sokoni. Ndiko nilikokutana na Otmar, mwalimu wa fizikia, Mmatengo wa Mkumbi, mtu mpole anayependa amani kuliko ukweli. Alitengeneza vifaa vyake vyote kwa mikebe na spoku za baiskeli. Nilimpenda kwa sababu ya ile mikebe. Tabia ya kupenda amani niliigundua baadaye. Tukamzaa Skolastika, ambaye kila mtu alimwita Skola, na likizo zote alikuwa kwa bibi yake Mkumbi, akichuma kahawa na kufagia uwanja kabla ya uji.

Skola alipokaribia mwisho wa sekondari, wakala mmoja alipita akitafuta walimu wa hisabati na fizikia kwa ajili ya shule ya binafsi huko Omani, shule ambayo sitaitaja jina, maana haikuwa mbaya kuliko nyingine, ilikuwa na kiburi zaidi tu. Otmar alivutwa na maneno "maabara ya kisasa". Mimi nilivutwa na jambo moja: mtoto wa mwalimu angesoma pale pale, hadi mtihani wa mwisho, mtihani ambao ungemfungulia vyuo ambavyo Mbinga tulivisikia redioni. Nikasema twende. Nikakunja bikari yangu kubwa ya mbao ndani ya khanga, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza nikiwa nimeikumbatia.

Jambo la kwanza lililonichukiza kule ni ubapa. Mmatengo amezaliwa ubavuni mwa mlima. Kwetu shamba lenyewe ni mashimo ya ngolo yaliyopangwa kwenye mteremko kama magamba ya samaki. Kule ardhi ililala chini kama chapati, na mtu akisimama mlangoni aliona hadi mahali ambapo hakukuwa na kitu cha kuona. La pili, Misa ya Jumapili ilisaliwa Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Otmar alifurahi, alisema Mungu hana kalenda. Nilimwambia Mungu ndiye aliyepumzika siku ya saba, akasema inategemea umeanza kuhesabu wapi. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anajipaka udi na kulala mchana kama mtu aliyezaliwa huko. Mimi nilibaki nanuka chaki, ingawa chaki haikuwapo. Palikuwa na ubao wa umeme, ambao mtandao ukikatika uligeuka kuwa ukuta wa gharama. Siku kama hizo nilifungua khanga, nikatoa bikari yangu, nikachora duara kwenye karatasi ya kufungia zawadi iliyobandikwa mlangoni, na mabinti wakapiga picha. Hawakuandika. Walipiga picha.

Nilifundisha upande wa wasichana. Darasa la mwisho, darasa la Skola, lilikuwa na binti anayeitwa Shamsa, na Shamsa alikuwa na bibi. Bibi Zuwena alizaliwa Unguja, akahamia Omani akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi cha kumtia mtu wa bara aibu ya kufungua mdomo. Aliposikia kuna mwalimu Mtanzania alituita kwake.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Mbinga, Bibi."

"Mbinga ndo wapi? Karibu na Dasalama?"

"Hapana, Bibi. Mbali. Karibu na Ziwa Nyasa."

"Mmh," akasema, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hana dalili nzuri. "Na huko mwafanya nini?"

"Tunalima kahawa."

Uso ukamng'aa. Akapiga makofi, ikaja kahawa ya iliki katika vikombe visivyo na mkono. Sasa, nani angemwambia kwamba sisi wa Umatengo kahawa tunailima, tunaivuna, tunaimenya, tunaianika, tunaiuza, kisha tunakunywa chai? Nilikuwa sijawahi kuinywa. Nilipoionja nilidhani ni dawa ya kifua. Na kwetu mgeni hakatai, basi nikanywa, nikakirudisha kikombe kitupu kwa adabu, kikajazwa. Nikanywa, kikajazwa. Bibi Zuwena alinitazama kwa mshangao uliokua, na mikono yangu ikaanza kutetemeka, ndipo Otmar akaninong'oneza, "Kitikise kikombe, Mama Skola. Usipokitikisa wanadhani unataka." Alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu kikombe cha kwanza. Skola, aliyekaa na Shamsa kwenye kochi la pembeni, aliutazama ukuta kana kwamba hakuja nasi.

Ule utazamaji wa ukuta ningepaswa kuutilia maanani. Lakini mwalimu huwaona watoto wa wengine vizuri zaidi.

Miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho ilivuma tufani ya mchanga. Ilivuma mchana kutwa, ikaingia kila penye ufa, na kesho yake tulikuta darasa limegeuka jangwa dogo. Wafagiaji wa shule walikuwa wachache na majengo yalikuwa mengi. Mabinti walisimama mlangoni, mikoba begani, wakisubiri. Hakuna aliyekasirika. Walisubiri vile mtu anavyosubiri jua lichomoze: litachomoza, halimhusu. Walisubiri kipindi cha kwanza, wakasubiri cha pili, wakati mtihani ulikuwa unawajia mbio.

Basi nikasema kile ambacho kila mwalimu wa Tanzania amekisema tangu aanze kazi, bila kufikiri, kama mtu anavyosema hodi.

"Kesho kila mmoja aje na fagio."

"Fagio, Misi?"

"Fagio. Asiye na fagio asije."

Asubuhi yake nilifika mapema, nimekunja mikono ya blauzi. Yakaja magari. Milango ikafunguliwa, wakashuka mabinti na mikoba yao, na nyuma ya kila binti akashuka dada wa kazi, na mkononi mwa kila dada wa kazi palikuwa na fagio. Mengine yalikuwa mapya, bado yako kwenye nailoni. Mmoja alisaidiwa na dereva kubeba mashine ya kufyonza vumbi. Walikuwa Wafilipino, Wahindi, Waethiopia, na mmoja Mkenya aliyenitazama kwa macho yanayouliza, "Dada, hii ni nini tena?" Wakajipanga ukutani. Mabinti wakaingia, wakapangusa viti kwa karatasi laini, wakakaa. Shamsa akanyoosha mkono.

"Tumekuja nayo, Misi."

Walikuwa wametii. Kila mmoja alikuwa amefanya nilichosema. Nilitazama lile darasa, na nikajua kwamba Mwalimu Gaudensia angekuwa hai angekaa chini akacheka mpaka koti limtoke. Mimi sikucheka. Nikawaambia mabinti, "Simameni." Wakasimama. Nikawaambia madada wa kazi, "Nyinyi karibuni, kaeni."

Hawakutaka. Yule Mkenya alikaa kwanza, kwa ncha ya kiti, kisha wengine. Nikagawa mafagio.

Sijawahi kuona kazi mbaya kama ile. Walisukuma vumbi kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, likarudi nao. Shamsa alishika fagio lake mbali na mwili kama nyoka aliyekufa ambaye huenda hajafa. Na kando ya Shamsa, akiwa ameshika vilevile, akisukuma vumbi vilevile, akikohoa kwa mitindo ileile, alikuwa binti yangu. Skola! Mtoto aliyefagia uwanja wa bibi yake Mkumbi mpaka kuku wakaona haya kuupitia. Alikuwa anajifanya hajui.

Mmoja wao akapiga picha: wanafunzi wameinama, madada wa kazi wamekaa kwenye madawati. Kabla ya sala ya adhuhuri kila mama mjini alikuwa ameiona.

Mkuu wa shule tulimwita Mudiri, kama kila mtu. Alikuwa mtu safi, wa sauti ya chini, aliyependa neno "heshima" kama watu wengine wanavyopenda sukari. Alinikaribisha ofisini, akanionyesha kiti.

"Misi Hilda, kina mama wanakuja Alhamisi. Utasimama mbele yao na kuomba radhi."

"Kwa kutowaarifu nitaomba. Ilikuwa haki yao kujua."

"Na utasema kwamba kufagia ni kazi ya watumishi, si ya wanafunzi. Hilo ndilo wanalotaka kulisikia."

"Na nisiposema?"

Alisawazisha kalamu zake mezani. "Mkataba wako utakwisha siku hiyo. Na kiti cha mtihani cha binti yako kipo kwa sababu wewe ni mwalimu hapa. Sitaki kulisema hili, Misi. Naliheshimu sana jambo la familia."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Otmar anamwagilia mchicha aliopanda kwenye makopo, kwa sababu hata Arabuni Mmatengo lazima apande kitu. Nikamweleza.

"Sema, Mama Skola," akasema. "Ni maneno."

"Wewe ukiambiwa useme sumaku inavuta mbao, utasema?"

"Nitasema, ilimradi mtoto afanye mtihani. Jioni nitamweleza ukweli wa sumaku nikiwa nyumbani."

"Ndiyo maana una afya nzuri."

"Ndiyo," akasema, akaendelea kumwagilia.

Skola alikuwa jikoni. Nilisimama mlangoni.

"Ulishika fagio kama mgeni wa serikali."

Hakugeuka. "Mama, umeniaibisha."

"Mimi? Wewe uliyefagia kwa bibi yako tangu hujang'oa meno ya utoto, leo unakohoa vumbi?"

"Ningefagia vizuri wangejua."

"Wangejua nini?"

"Kwamba nimewahi." Akageuka sasa, na macho yalikuwa yamejaa. "Wewe unakaa na wanafunzi. Mimi nakaa na hao watu, Mama. Kila siku. Mtihani nikiukosa, wewe utarudi Mbinga ufundishe. Mimi nirudi nifanye nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nina majibu mengi siku zote, wenzangu wananijua. Siku ile nilichukua sufuria nikaanza kusugua, na sufuria ilikuwa safi.

Alhamisi kina mama walikaa ukumbini, wananukia vizuri kupita kiasi. Nyuma, ukutani, walisimama madada wa kazi wameshika mikoba na watoto wadogo. Hakuna aliyewapa kiti. Darasa la mwisho lilikaa mstari wa kando, Skola na Shamsa bega kwa bega. Kwetu shauri halifunguliwi kabla watu hawajala pamoja. Kule palikuwa na tende na kahawa, lakini hazikupita kwangu.

Nikasimama. Nikaomba radhi kwa Kiingereza kwamba sikuwaarifu. Nilimaanisha. Nikaishia hapo.

"Endelea," akasema Mudiri.

Mstari wa mbele alikuwapo Bibi Zuwena, amekaa kama malkia anayesubiri meli. Nikadhani nimeona njia. Nikamgeukia kwa Kiswahili.

"Bibi, ulipokuwa Unguja, shuleni, mlifagia?"

"Skuli? Wallahi nimefagia uwanja mpaka kiuno kikauma. Na nikipitisha jani moja, nachapwa."

"Ulidhalilika?"

Nilikuwa na uhakika wa jibu. Mwalimu hapaswi kuuliza swali ambalo hajui jibu lake, na mimi nilidhani nalijua.

"Nilidhalilika," akasema Bibi Zuwena. "Sana. Ndiyo maana nipo huku, na ndiyo maana mjukuu wangu hafagii. Nyie wa bara mkipata taabu mwaipenda, mwaipa na jina zuri, mwaita malezi."

Mama mmoja anayejua Kiswahili akacheka. Mimi niliyekuwa nikiwadharau wote nikakuta nimedharauliwa kwa lugha yangu mwenyewe, tena kwa lafudhi bora.

"Misi Hilda," akasema Mudiri, sauti chini kabisa. "Sema ile sentensi. Au binti yako akusanye vitabu vyake."

Nilimtazama Skola. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kiti chake kama mtu aliye kwenye gari linaloshuka mteremko wa kwenda ziwani wakati wa mvua. Kisha nikawatazama waliosimama ukutani. Yule Mkenya alikuwa ananisubiri. Hakuwa na hasira wala matumaini. Alitaka tu kujua. Nikafungua mdomo. Hadi leo sijui kingetoka nini.

"Basi, basi!" Bibi Zuwena akapiga fimbo sakafuni, akahamia Kiarabu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nipate haki yangu. "Mudiri, mtihani uko mlangoni. Ukimfukuza huyu, hisabati atafundisha nani? Wewe? Mwaka jana ulimleta yule mwalimu wa kuvaa tai, watoto wakafeli wote. Huyu ana kichwa kigumu, lakini Shamsa sasa anajua kutafuta eneo la duara. Abaki amalizie. Mtihani ukisha, arudi kwao akafagie anavyotaka. Kahawa imepoa, twendeni."

Nimetetewa mara kadhaa maishani. Sijawahi kutetewa kwa dharau nono namna ile. Mudiri alitazama nyuso za kina mama, akaona wote wanafikiria eneo la duara, na heshima ikapata tafsiri mpya papo hapo. Akatangaza kwamba shule, kwa moyo wa familia, itaniacha hadi mtihani. Mkataba hautaongezwa. Otmar alisema baadaye kwamba Mungu ameingilia kati. Nilimwambia yaliyoingilia kati ni matokeo ya mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniuliza konekisheni, sikilizeni. Hamtapendwa kule na hamtachukiwa. Mtahitajika, na siku haja ikiisha mtaonyeshwa lango kwa maneno laini. Anayeweza kuishi hivyo aende. Wapo wanaoweza. Ninaye mmoja nyumbani, ana afya njema na harufu ya udi haijamtoka.

Nikafundisha majuma yale yaliyobaki kama mtu anayevuna kabla ya mvua. Mabinti walianza kuandika badala ya kupiga picha. Skola alikuja kwenye vipindi vyangu, akajibu maswali, akaniita Misi, na nyumbani akaniita chochote kile kinachowezekana bila kusema Mama. Sikumlazimisha. Nilimpa mazoezi, akayafanya yote, akayaacha mezani bila neno.

Karatasi ya mwisho ilikuwa hisabati. Mwalimu wa somo haruhusiwi ukumbini, basi nikakaa kwenye benchi la ubaraza, mizigo yetu ikiwa imeshafungwa nyumbani. Muda ulikuwa haujaisha mlango ulipofunguliwa akatoka Skola, peke yake, wa kwanza. Nikainuka benchini.

"Umeumwa?"

"Nimemaliza."

"Umepitia tena?"

"Mara mbili." Akanitazama kwa jicho ambalo nalijua, maana nalitumia kila siku. "Mama, hayo maswali yalikuwa mepesi. Nimeona haya kukaa."

Mama, alisema. Nikajifanya sikusikia, kwa kuogopa kuliharibu.

"Na Shamsa?"

"Anahesabu kwa vidole. Vya mikono vimekwisha, anavua viatu."

"Nimemfundisha mimi yule."

"Basi hicho ni kipaji chake mwenyewe."

Nikacheka, nikashindwa kujizuia, naye akacheka, tukashikana pale ubarazani kama watu waliolewa. Msimamizi akachungulia kutoka ukumbini, uso umekunjamana, kidole mdomoni. Skola akajinyoosha, akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba asijisumbue, sisi tunaondoka. Akanishika mkono, tukatembea. Nyuma yetu mlango ukafungwa taratibu, kwa uangalifu mkubwa, ili waliobaki waendelee kuvua viatu kwa utulivu.